Laini Moja, Nyumba Nne

Watu wa ploti walimwita Mama Mwaura, na walisema kwa mzaha kwamba ploti ile haikuhitaji mbwa. Ukifungua geti, kabla hujaingiza mguu wa pili, pazia la nyumba ya katikati lilikuwa limekwisha kusogea. Jina lake hasa lilikuwa Mugure. Alikuwa mjane wa makamo, aliyefika darasa la sita akaacha, na kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine, hapo hapo sebuleni. Mashine ya kufuma inataka mikono. Macho inayaacha huru. Basi macho ya Mugure yalizunguka kutwa: nani ametoka, nani amerudi, nani ameanika nguo na huku mvua inanukia upande wa Menengai. Hakuwa mmbeya. Alikuwa na hofu tu. Mume wake aliondoka asubuhi moja akiwa mzima, jioni akaletwa ndani ya blanketi, na tangu siku hiyo Mugure aliamini kwamba balaa hupitia mahali ambapo mtu ameacha kutazama.

Ploti ilikuwa mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, nyuma ya maduka ya vipuri. Mwenyewe alikuwa Mzee Balwant, mzee wa kilemba na ndevu nyeupe aliyekuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, naye alikaa nyumba ya mbele. Nyuma kulikuwa na nyumba tatu zilizoshikana. Ya kwanza alikaa Sista Adero, muuguzi wa hospitali aliyekuwa akijisomea diploma. Ya katikati ilikuwa ya Mugure na binti yake Njoki, aliyekuwa akisoma kompyuta katika chuo kimoja mjini. Ya mwisho alikaa Kosgei, ofisa wa mifugo, ambaye kila mtu alimwita Daktari ingawa wagonjwa wake wote walikuwa na kwato. Mke wake na watoto walikuwa nyumbani kwao Ravine, na yeye alikwenda kuwaona mwisho wa mwezi.

Mwaka huo wa 2007, mvua za masika zilipokwisha, Mzee Balwant aliletewa intaneti. Wajukuu zake walikuwa wamezaliwa Kanada na alichoka kuwaona kwenye picha za bahasha. Mafundi walipanda juu ya paa wakafunga kidishi, wakashusha waya, wakaondoka. Siku hiyo hiyo mzee aliwaita wapangaji pale kwenye mfereji wa maji.

"Sikizeni," alisema. "Zamani moto ukiwaka kwa jirani, wewe unaenda na kijinga chako, unawasha, unarudi kwako. Moto ya jirani inapungua? Haipungui. Hii intaneti ni hivyo hivyo. Mko na kompyuta, nyote. Chukueni moto."

"Mzee," Adero akasema, "moto ya nyanya yangu ilikuwa haina bili ya mwisho wa mwezi."

"Bili tutagawana, Sista. Nyanya yako pia alikuwa anakata kuni."

Walicheka, wakakubaliana. Njoki ndiye aliyejua namna ya kufanya. Alisema kinatakiwa kisanduku kidogo chenye matundu manne. Waya wa kidishi uingie kwa tundu lake la pembeni, halafu kila nyumba ipate waya wake, upitie juu ya dari hadi kwenye kompyuta yake. Kisanduku kikae katikati ili waya zisiwe ndefu mno. Katikati palikuwa kwa mama yake. Na mama yake hakuwa na mahali pa kwenda. Ndivyo Mugure, ambaye hakuwa amewahi kugusa kompyuta ila kwa kuipangusa vumbi, alivyokuwa mlinzi wa moto wa ploti nzima.

Hakukataa, maana alikuwa na lake moyoni. Mwaura, kifungua mimba wake, alikuwa Dubai, akilinda mlango wa jengo la maduka. Tangu aende, mama yake alikuwa akimsikia kwenye simu kwa haraka haraka, sauti ikiruka, na sauti ya mwana haimwambii mama kitu. Mtu anaweza kusema "niko poa" huku mguu umefungwa plasta. Siku ya Mwaura ya kupumzika ilikuwa Ijumaa. Ijumaa ya kwanza baada ya waya kufungwa, Njoki alimketisha mama yake mbele ya kompyuta, akabonyeza hapa na pale, na uso wa Mwaura ukatokea, mkubwa, wenye rangi ya maji ya mchele.

"Umekonda," Mugure akasema.

"Mathe! Hata salamu hujanipa!"

"Geuka nikuone upande ule mwingine."

"Mathe, niko kwa duka ya watu. Wananiangalia."

"Wacha waangalie, wao pia wana mama. Inua mkono wa kulia. Haya, wa kushoto."

Mwaura aliinua mikono kama mtu aliyekamatwa na askari, na Njoki akacheka hadi akakaa chini. Mugure hakucheka. Alihesabu viungo vya mwanawe akaona vimetimia, ndipo akamuuliza habari. Usiku huo alilala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Tangu hapo wiki yake haikuanza Jumatatu tena. Ilianza Ijumaa na kuishia Ijumaa.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cheusi, kibaya, kama sanduku la kiwi ya viatu. Na sebuleni kwa Mugure hapakuwa na kitu kilichokaa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi, hata mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa na chake. Basi akachukua uzi uliobaki kwenye sweta, akaukunja mara mbili ili uwe mzito, akafuma kofia nzuri ya rangi ya maziwa yenye waridi kila pembe. Akakivisha kisanduku. Mbele aliacha wazi kidogo, maana mbele ndiko zilikokuwa taa, na taa zile alikuwa amezipenda.

Zilikuwa nne, kijani, kila nyumba na yake. Kompyuta ya nyumba ikiwashwa, taa yake inawaka, ikizimwa, inazimika. Njoki alimweleza hilo mara moja tu, na Mugure hakusahau. Kwake ilikuwa kama kule Dundori alikozaliwa, ambako asubuhi mtu alitoka nje akatazama moshi wa majiko ya majirani kabla ya kunawa uso. Moshi ukionekana, wazima. Usipoonekana, unakwenda kuuliza. Sasa aliweza kukaa kwenye mashine yake akajua kwamba Mzee Balwant ameamka na anaongea na Kanada, kwamba Adero ametoka zamu na hajalala, na kwamba Daktari yupo.

Mwezi wa Oktoba mambo yakaanza kuharibika. Jua la alasiri lilipofika dirishani, intaneti ilikufa. Ilikufa kwa nyumba zote, kwa pamoja. Njoki akiwa nyumbani alikuwa anazima kisanduku, anangoja kidogo, anawasha. Kinafanya kazi, halafu baada ya muda kinalala tena. Ijumaa moja uso wa Mwaura uliganda katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na Mugure akakaa akimtazama mwanawe akiwa hivyo hadi jioni. Hakumaliza kujua alikuwa anasema nini.

Pale ploti walikuwa na neno lao tayari, la mfereji. Siku za mgao wa maji, mtu mmoja akifunga mpira kwenye bomba, wengine wanapata upepo. Na mwenye mpira anaitwa mvutaji. Basi sasa, saa za alasiri, ungesikia mlango ukifunguliwa na Adero akipaza sauti: "Nani anavuta? Nina mtihani, jamani, nani anavuta?"

"Si mimi," Balwant anajibu kutoka mbele. "Mimi mwenyewe nimekauka."

"Basi ni jini."

"Jini hailipi bili, Sista."

Mwanzoni ulikuwa mzaha. Lakini ulikuwa pia msimu wa kampeni, na mji mzima ulikuwa na joto ambalo halikuwa la jua. Mzaha ukakauka. Mwisho Mzee Balwant akasema wazi, mbele ya wote, kwamba hakuleta moto ili watu waunguzane. Kama hali itaendelea hivi hadi mwaka mpya, angeng'oa waya zote na kila mtu arudi kwenye saiba za mjini, kulipia kompyuta kwa dakika.

Mugure alisikia hayo akiwa na uzi mkononi. Wengine wangepoteza mtihani au gazeti. Yeye angepoteza uso wa mwanawe. Saibani asingekwenda, watu walisimama nyuma yako wakingoja kiti, nawe ungemwambiaje kijana wa miaka ishirini na sita ainue mikono mbele ya umati?

Basi akafanya alichokijua. Akatazama. Taa ya Balwant iliwaka asubuhi na mapema, ikazimika. Ya Adero ilifuata zamu. Yake mwenyewe aliijua. Ya Daktari haikuzimika. Asubuhi ilikuwa inawaka. Daktari akipanda pikipiki yake kwenda kuchanja ng'ombe huko juu Dundori, ilikuwa inawaka. Akirudi na matope hadi magotini, bado. Hata mwisho wa mwezi alipokwenda Ravine na nyumba ikafungwa kufuli, ile taa ilikaa pale chini ya kofia ya waridi ikimkonyeza Mugure.

"Mtu hayuko, na mashine yake inakula," alimwambia Njoki.

"Mathe, taa kuwaka si lazima iwe inavuta. Inaweza kuwa imewashwa tu."

"Gari likiachwa likinguruma mlangoni, petroli haiishi?"

Njoki akainua mabega. Alikuwa akiwahi darasa.

Jambo la haki lilikuwa moja tu: kutoka nje, kupiga hatua hadi mlango wa pili, kusema hodi. Mugure hakulifanya. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Daktari hakuwahi kumkosea. Siku kuku wake walipoanza kufa, alikuja na sindano bila kuitwa. Lakini siku zile, sokoni alikonunua uzi, kulikuwa na maneno juu ya watu wa makabila fulani wanaokula vya wenzao kimyakimya, na maneno hayo alikuwa akiyapita tu bila kuyajibu. Sikio halina mlango. Aliyoyasikia yaliingia yakakaa, na alipoitazama ile taa, hakuitazama tena kwa macho yake peke yake.

Akaenda kwa Mzee Balwant.

"Una hakika, mama?" mzee akamuuliza, amevua miwani ya kuchomelea.

"Mzee, macho yangu hayajawahi kunidanganya."

Balwant akaenda kwa Kosgei. Mugure alikuwa nyuma ya pazia. Hakusikia yote, ila alimwona Daktari akisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya koti lake la kazini. Hakubisha. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Kama ni hivyo, toeni." Halafu akageuka akatazama dirisha la nyumba ya katikati, moja kwa moja, na pazia likatulia kama lililopigwa misumari.

Jioni Njoki aliuchomoa waya wa Daktari kutoka tundu la nne. Shule zilipofungwa, Daktari aliifunga kompyuta yake ndani ya blanketi akaipeleka Ravine, watoto wachezee.

Na, kweli, intaneti ikapona. Wiki ile Mugure alikuwa akifua vitambaa vyote kwa ajili ya Krismasi, alivilowesha, akavisugua, akavitia wanga na kuvinyoosha juani. Ijumaa ikaja, Mwaura akaonekana tangu mwanzo hadi mwisho, akacheka, akala hata mkate mbele ya kamera. Mugure akajiambia: si mnaona? Balwant akampungia mkono kwa mbali. Adero akamletea omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa mtu aliyeokoa moto wa ploti.

Vitambaa vikakauka. Akaisafisha sebule kwa ajili ya wageni, akavirudisha kila kimoja mahali pake, vigumu kwa wanga, vyeupe. Ijumaa iliyofuata, jua lilipofika dirishani, Mwaura akaganda.

Tundu la nne lilikuwa tupu. Mugure alilitazama kwa muda mrefu. Kisha, bila kuwaza, kwa mkono wa mama ambaye hawezi kuona kitambaa kimekaa upande, akanyoosha kidole ainyooshe ile kofia. Akaurudisha mkono upesi. Kilikuwa cha moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Njoki! Njoo ushike hapa."

Njoki alishika, akaing'oa ile kofia, na harufu ya plastiki iliyopikwa ikajaa chumbani. Alikizima kisanduku, akakipepea kwa daftari, akakiwasha kikiwa uchi. Kikafanya kazi alasiri yote, jua likiwa pale pale.

"Mathe!" Njoki alikuwa anacheka machozi yakimtoka. "Umekivalisha sweta! Kila kitu lazima ukivalishe sweta! Hii kitu imekuwa ikichemka miezi yote, wee Mathe, ilikuwa inazirai!"

"Nyamaza," Mugure akasema.

Alimwendea Balwant akamweleza. Mzee alizikuna ndevu zake polepole.

"Basi Daktari amesingiziwa," alisema.

"Amesingiziwa."

"Akirudi, utamwambia wewe mwenyewe, mama. Mimi nilikuwa mdomo tu."

Lakini Kosgei alikuwa amekwenda kwao kwa sikukuu na kwa kura, na kabla hajarudi, matokeo yakatangazwa na nchi ikawaka moto, kabila dhidi ya kabila. Hakuna aliyekuwa Nakuru siku zile anayehitaji kuelezwa. Barabara zilifungwa. Uwanja wa maonyesho ulijaa watu waliokuja na magodoro na watoto. Maduka yalifunga, na kadi za simu zikawa adimu kuliko sukari. Ulikuwa na simu mkononi nayo haikuwa na kauli. Kila Ijumaa Mwaura aliuliza, "Mathe, mko?" na Mugure akajibu, "Tuko," kisha wakatazamana tu.

Katikati ya Januari pakatulia kidogo. Pikipiki ya Daktari ikaingia getini. Alikuwa ameitwa kazini, kulikuwa na chanjo. Mugure alimwona. Alisimama nyuma ya mlango wake, maneno yako tayari: Daktari, ni mimi, ni kitambaa changu. Hakutoka. Neno lililokuwa dogo kabla ya kura sasa lilikuwa limeota meno. Kumwambia mtu wa kabila la upande wa pili, wakati ule, "nilikusema kwa mwenye nyumba bila kosa," ingemaanisha nini masikioni mwake? Akasema kesho. Na kesho akasema kesho.

Ikaja Ijumaa moja mwishoni mwa mwezi. Asubuhi mji ulikuwa kimya kupita kiasi, kisha makelele yakaanza ng'ambo ya reli na moshi ukasimama pahali pengi kwa mara moja. Adero alikuwa zamu na hakuweza kurudi. Mchana Kosgei aliingia kwa miguu, akikimbia, shati limechanika bega, bila pikipiki, bila simu. Balwant alifunga geti nyuma yake kwa mnyororo wa karakana, akaketi hapo hapo kwenye kigoda na nyundo mapajani.

Mugure alimsikia Daktari akimuuliza mzee, "Kuna mtu ana kadi? Hata ya kidogo?"

"Hakuna, bwana. Wote tumekauka."

"Nimewaambia watoto na mama yao waje kesho asubuhi. Niliona kumetulia. Wataingia barabarani mapema, mzee. Na namba zao zilikuwa ndani ya simu. Sina hata moja kichwani."

Sebuleni, kompyuta ilianza kulia. Ni Mwaura. Alikuwa amesikia habari za Nakuru huko aliko. Mlio wenyewe ulikuwa kama wa mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Njoki aliinua mkono apokee.

"Ngoja," mama yake akasema. "Daktari anaweza kumpata mtu kwa hii, bila namba?"

"Akiwa anajua anwani ya barua pepe. Lakini Mathe, laini leo imelegea sana. Ikibeba Mwaura, haitabeba kitu kingine."

"Kata."

"Atafikiri tumeuawa!"

"Mwandikie angoje. Kata, Njoki."

Mlio ukanyamaza. Mugure alitoka nje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama kwenye mlango wa Daktari tangu amseme kwa mzee. Kosgei alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, viwiko juu ya magoti.

"Daktari. Unamjua mtu yeyote kwa kompyuta? Anayeweza kuwapigia nyumbani?"

Aliinua kichwa. "Ndugu yangu. Yuko Amerika. Anwani yake ni jina lake, naijua."

"Njoo ukae kwa kiti changu. Lakini kwanza nisikize. Ile intaneti haikuwa wewe. Ilikuwa kitambaa changu. Nilikifunika kile kisanduku, kikawa kinachemka, kinakufa. Nami ndiye niliyekwenda kwa mzee nikasema ni wewe, kwa sababu taa yako ilikuwa haizimiki."

Alimtazama kama mtu anayeelezwa kwamba kikombe kimevunjika katika nyumba inayoungua.

"Kitambaa?"

"Kitambaa."

Kosgei akasimama, akajipangusa suruali. "Ile kompyuta yangu ni mzee, Mama Mwaura," alisema bila hasira. "Ukiizima, haiwaki tena mpaka fundi. Ndiyo maana nilikuwa naiacha. Ungeniuliza tu."

Mugure akatangulia, Daktari akamfuata.

Aliandika kwa vidole viwili, akikosea, akifuta. Njoki alimwongoza. Barua ilichukua muda kuondoka. Ule mstari mdogo ulijikokota kama konokono kwenye ukuta, ukasimama, ukaendelea. Kisha ikabaki kungoja. Mugure alipika chai. Kikombe cha kwanza alimpelekea Balwant getini. Aliporudi, Daktari alikuwa amekaa vile vile, chai yake haijaguswa, na pembeni ya kioo maneno ya Mwaura yalikuwa yakitokea moja baada ya lingine. Mama uko? Njoki mko? Mama? Mugure aliweza kuyasoma bila msaada. Yalikuwa mafupi, na alikwisha kuyasikia. Njoki alimtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa: bado.

Ndipo jibu la Amerika likaja. Kosgei alilisoma mara mbili kimya, kisha kwa sauti, kama anayetaka masikio yake nayo yasikie. Ndugu yake alikuwa amewapigia. Walikuwa wamefunga mizigo. Sasa wameifungua. Hawatoki Ravine hadi waambiwe.

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kisha akainuka kwa haraka, kana kwamba kiti kilikuwa kimeanza kumchoma, akamwachia Mugure.

Picha haikuja siku hiyo. Sauti tu.

"Mathe! Mbona mlinikatia? Nimekaa hapa nalia kama mtoto, watu wa duka wameniletea maji!"

"Kulikuwa na mtu mbele yako kwa foleni."

"Foleni gani? Nani mbele yangu?"

"Jirani," Mugure akasema. "Watoto wake walikuwa wanataka kuingia barabarani."

"Na wewe uko mzima? Sikuoni. Nitajuaje?"

"Mikono yote miwili iko juu, baba. Uliza Njoki."

Kosgei hakukaa sana baada ya hapo. Ofisi yake ilimhamisha, na wiki iliyofuata lori lilikuja na askari wawili, likapakia wale waliokuwa wanaelekea upande wa Ravine. Alimpa Balwant mkono, akampa Njoki karatasi yenye namba mpya ya simu, akasimama mbele ya Mugure akiwa na godoro begani. "Kaa salama, Mama Mwaura." Ni hayo tu. Mugure alingoja lingine, halikuja.

Ijumaa Mwaura alimuuliza, "Sasa alikusamehe?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini, Mathe?"

"Kuna maswali humuulizi mtu akiwa amebeba godoro."

Lakini swali lilimkaa. Alikuwa akifuma sweta, linakuja, anapika, linakuja. Nyumba ya mwisho ikapata wapangaji wengine, maharusi kutoka Kihoto, Naivasha, nao wakapewa waya wao. Mvua za Aprili zikashika. Kadi za simu zilikuwa zimerudi dukani siku nyingi. Alasiri moja Mugure aliacha mashine katikati ya mstari, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akanunua kadi, akajifungia chumbani asionwe na mtu. Namba za ile karatasi alizibonyeza mwenyewe. Daktari alipoitika, aliuliza habari za watoto, wako wazima. Akauliza za mama yao, mzima. Za ng'ombe, wazima. Huko kuna majani. Akafika mahali ambapo salamu zilikuwa zimekwisha, na mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu hadi ikabidi apaze sauti.

"Daktari, nimepiga kwa sababu kuna kitu nataka kukuuliza."

Kikaja kile kicheko chake kifupi cha puani, ambacho Mugure hakuwa amekisikia tangu Oktoba.

"Basi uliza, Mama Mwaura. Nakusikiza."